Shangazi, Wameleta Mbuzi Tena

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo huko ulikolala. Nakuandikia nimekaa mlangoni, mtoto ananyonya, macho yangu yako njiani. Situlii. Nimeshafagia uwanja, nikaufagia tena.

Unakumbuka kule Vugiri, siku niliyoingia nalia, nikakwambia yule mwanamume alivyonikamata njiani kutoka mtoni? Bibi akabandika maji aniogeshe. Wewe ukayamwaga yote nje.

"Unamwacha mtoto na uchafu?" bibi akafoka.

"Uchafu si wake, mama. Daktari amwone kwanza, na nguo zake hivyohivyo."

Tukapanda bodaboda mishikaki, mimi katikati, umenikumbatia kwa nyuma mpaka Korogwe. Nilidhani nitasimulia kwa nesi, nirudie kwa polisi, nirudie tena kwa ustawi wa jamii. Kumbe walikaa chumba kimoja, nikasema mara moja tu. Nikikwama, unanibana kidole gumba, naendelea. Baadaye mama wa ustawi akawa anakuja nyumbani, na mwalimu akanipokea darasani bila kunihoji chochote.

Halafu wazee wa upande wa yule mwanamume wakaleta mbuzi, ati yaishe kifamilia. Ukawaambia, "Mrudisheni upesi, hajazoea majani ya kwangu." Bibi alikuwa bado amekununia, lakini alicheka mpaka kilemba kikamdondoka.

Sasa wameleta mbuzi tena, Shangazi. Safari hii kwa mama Zuhura, jirani yangu hapa Kwedizinga. Binti yake yamemkuta yaleyale. Mimi ndiye niliyemwambia asioge kwanza, nikawasindikiza hospitali. Leo Zuhura anatoa ushahidi mahakamani Handeni. Lakini jana mjomba wa mwanamume aliyemtenda kafunga mbuzi uwanjani kwao, na mama Zuhura hakumfukuza. Alinitazama tu, akasema, "Mama Salimu, nimechoka na maneno ya watu."

 Wewe ungekuwa na jibu.

Simu yake haipatikani. Gari la Handeni linakaribia kupita. Wasipokwenda, yule mtu atarudi kupita hapa kifua mbele, na Zuhura ndiye atakayeinamisha kichwa. Nitamwambia nini? Kwamba nilimsumbua bure?

Ngoja. Namsikia mbuzi analia. Mbona sauti inasogea?

Shangazi, ni wao! Zuhura kavaa gauni lake la Idi. Mama yake anamburuta mbuzi kwa kamba, mbuzi kagoma, wanavutana njia nzima. Anapiga kelele tangu kule, "Mama Salimu, toka! Kwa mjomba ni njia hiihii ya kituoni. Tumrudishie mzigo wake, tupande gari!"

Kalamu naiweka, namfunga mtoto mgongoni. Leo nitakaa benchi moja na Zuhura, kidole chake gumba mkononi mwangu, mpaka watakapomwita.

Pumzika, Shangazi. Maji uliyoyamwaga siku ile hayajapotea.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Mama Salimu