Mizinga Mitano ya Mzee Carl

Dada yangu Nekesa,

Kwa taadhima na majonzi makubwa, natangaza kuvunjika kwa mwiko wangu wa ugali, uliotumika kwa uaminifu hadi dakika ya mwisho. Mimi ni mzima. Ninyi je? Mguu wa Mama umepona kweli, au anasema umepona ili asirudishwe hospitali?

Huku nilikaribia kufutwa kazi kwa ujasusi. Usicheke kwanza.

Namhudumia Mzee Carl, wa hapa Richfield, miaka tisini na kitu, baharia wa zamani. Ukutani ana picha ya manowari yake, na binti yake, Karen, humwambia kila mgeni kuwa baba alikuwa mpiga mzinga. Unajua tulivyolelewa: ukikaa na mzee unamuuliza kazi aliyofanya, ndiyo heshima. Basi nikajisomea kwenye simu. Manowari za aina ile ziliundwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, nyembamba, bati jepesi. Kinga yake ni mbio. Mizinga mitano, kila mmoja na kibanda chake cha chuma, miwili mbele na mitatu nyuma. Katikati mirija kumi ya topido, yale makombora yanayokwenda chini ya maji. Mkiani mapipa ya baruti ya kuviringishwa majini yakalipukie nyambizi.

Nikamuuliza mbele ya Karen mzinga wake ulikuwa upi kati ya ile mitano. Akaacha kutafuna, akataka kujua nani amenituma. Kesho yake nikagusia topido, akafunga mapazia. Halafu ofisi iliyoniajiri ikanipigia: Mzee anadai kuna Mkenya anachunguza silaha za Marekani. Meli yenyewe ilishakatwa ikawa chuma chakavu kabla sijazaliwa, lakini msimamizi wangu hakucheka. Akasema Mzee akinikataa Jumatatu, sina kazi.

Nami nikaanza kumshuku. Mtu gani hawezi kutaja mzinga wake? Labda hata mtumbwi hajawahi kupanda.

Jumatatu Karen alikuwa ametoka. Mzee akanifungulia mlango nusu, akanikagua kuanzia viatu.

“Ile mizinga sikuwahi kuigusa,” akasema. “Ukimwambia Karen, nitakana. Usiniulize tena mbele yake.”

Nikaapa, naye akafungua mlango wote. Tukanywa chai, akanieleza kazi aliyofanya hasa.

Nisalimie Mama, shemeji yangu fundi, na shangazi yetu wa kwaya, ila huyo usimsomee barua hii, ataitangaza kanisani.

Ndugu yako,
Wafula

Kule melini Mzee alikuwa anafua nguo.