Rangi Mupya kwa Ukuta

Siku ya posho, Jumamosi, magaribi

Na komisioneri, ule dalali wa nyumba, alisema bila yeye kutuletea wapangaji, vila yetu ya vakansi, ya watu kupumzikia, hapa Mbunya itabaki ya popo tu!

Kumbe ni ukuta yetu ilikuwa inafukuza watu. Juu ya kuogopa wezi wa maparseli, wale wanauzisha kiwanja ya wengine, bwana yangu aliandika na rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZISHWE. Watu wanasoma, wanapita.

Leo nikaongeza chini, na rangi ileile: LAKINI INAPANGISHWA. PIGA HODI.

Rangi haijakauka, mama moja wa Mambasa akaegemea ukuta, akapiga hodi. Analeta familia kwa ndoa, anataka kupanga.

"Siye tunapenda kusikilizana na weye mwenyewe, bila komisioneri," akasema.

Lakini hatukuandika mukataba: wakivunja vyombo, nitamushitakia nani? Naogopa kidogo.

Alama ya mukono ya ule mama imebaki kwa mulango, nyekundu kabisa. Bwana anasema nifute.

Sifute! Ile ndiyo sinyatire yake, sahihi ya mukataba yetu.