Utani wa Kwenye Kipaza Sauti

Alhamisi, 5 Februari

Nyegezi tena, kwa mshauri nasaha. Mume wangu, Baba Kulwa, nimemuaga kwamba naenda mazoezi ya kwaya. Mara ya nne namdanganya. Kwaya gani, na sauti imekauka tangu kampeni?

Mshauri ni binti mdogo, rika la mdogo wangu wa mwisho. Ananiamkia shikamoo, naitikia marahaba, halafu mimi mtu mzima ndiye ninayelia. Aibu tupu. Daftari hili ni agizo lake. Leo kauliza nini kinanisumbua zaidi. Nimemwambia simu. Ikilia tu moyo unaruka, nadhani ni kundi la kampeni. Uchaguzi mdogo wa diwani ulishaisha tangu Novemba. Mgombea wetu alishinda. Mimi bado natetemeka.

Habari ya Milembe sikumwambia.

Jumamosi, 7 Februari

Gari la matangazo limepita hapa Nyakato. Linanadi sumu ya panya tu. Nimejificha jikoni mpaka sauti ikapotea kabisa. Mapacha wangu wamenicheka. Mimi niliyekaa juu ya gari kama hilo mwezi mzima!

Alhamisi, 12 Februari

Leo nimesema.

Milembe anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, anauza samaki. Ukoo wake na wangu ni watani tangu mababu. Namwita mchawi, ananiita mwizi, nachukua samaki kwenye beseni lake bila kuomba, tunacheka. Kwenye kampeni yeye ndiye aliyekuwa mgombea wa upande wa pili. Mimi nilikuwa na kipaza sauti cha upande wetu. Siku moja sokoni watu walikuwa wamepoa. Nikasema: "Mtani wangu Milembe mume tu kamshinda, kachukuliwa na mwanamke wa visiwani. Kata ataiweza?"

Soko zima lilivunjika mbavu.

Watu walijua mume wake yuko visiwani huko ziwani, anavua dagaa. Habari ya yule mwanamke nilikuwa naijua mimi peke yangu. Milembe aliniambia akiwa amenishika mikono yote miwili. Na kila aliyenigombeza nilimjibu, ah, yule si mtani wangu?

Mshauri hakunisema. Alinisogezea tishu. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 16 Februari

Mama yake Milembe amefariki alfajiri. Baba yake mdogo kaja mwenyewe mpaka mlangoni. "Mama Kulwa, msiba hauna mtani."

Najua kazi hiyo. Mtani anavaa nguo ya marehemu, anaiga mwendo wake, anawasumbua wapishi, ili waliofiwa wapumue kidogo. Asipokuwepo msiba unakuwa mzito mno. Nimemwambia mzee naumwa. Muongo mimi. Ni woga tu.

Nimempigia mshauri. Kaniuliza swali moja tu: unamwogopa nani hasa? Nilidhani nitasema watu. Nikasema Milembe, akiniangalia.

Jumanne, 17 Februari

Nimeenda. Nikajibanza kwa wapishi, nikamenya ndizi, kichwa chini. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Leo hujaja na kipaza?" Wenzake wakaguna. Nilistahili.

Kisha Milembe akatoka ndani, macho yamevimba. Akanitupia kitenge cha mama yake mabegani. Akanipa na fimbo ya marehemu.

Nikasimama. Nikashika kiuno kama bibi alivyokuwa anashika, nikachechemea mpaka kwenye sufuria, nikafunua. "Huu ni ugali au uji? Na michembe yangu ya viazi iko wapi? Nirudi niwapikie?" Uwanja ukalipuka. Shangazi yao alicheka mpaka akakaa chini. Milembe alicheka huku machozi yanamtoka.

Akanisogelea sikioni. "Utani ndio huu, mtani. Kule sokoni ulinifanya nini?"

Akaenda kupokea wageni.

Jumatano, 18 Februari

Tumezika. Nimejitoa kwenye makundi yote ya siasa. Mwenyekiti wa chama kapiga mara tatu, sijapokea. Najiona mchafu.

Alhamisi, 19 Februari

Mshauri: "Milembe angekuwa hapa, ungemjibu nini?" Tumejaribu. Mara ya kwanza nikasema nilikosea, lakini ilikuwa kampeni. "Bila lakini, mama." Mara ya pili, lakini na wao walitutukana sana. "Bila lakini." Nilikasirika, karibu nitoke. Ya tano ndiyo ikatoka nzima. Nimerudi nyumbani nimechoka kama niliyelima.

Jumapili, 1 Machi

Nimemrudishia Milembe kitenge, nimekifua na kukipiga pasi. Nimemkuta uani anaparua sato. Nimesema nikiwa nimesimama: ulinipa siri yako, nikaitangaza ili tushinde. Haukuwa utani. Nilijua itakuumiza.

Akaendelea kuparua. Magamba yakaruka mpaka kwenye sketi yangu ya kanisani. Mwisho akasema bado ana hasira na mimi. Nikamwambia najua.

Halafu, bila kuinua kichwa: "Alhamisi unakwendaga wapi? Kwenye kwaya yetu sikuonagi."

Ningeweza kudanganya, nimeshazoea. Nimemwambia. Mshauri wa Nyegezi. Kulia mbele ya mtoto wa watu. Simu. Gari la sumu ya panya. Nikamwambia hata Baba Kulwa hajui.

Hakucheka. Akanisogezea kisu cha pili na kigoda. Hakuniahidi kwamba hatamwambia mtu, na mimi sikumwomba.