Betri Niliyoisifia Butiama

Bhoke mwanangu, mkunga wetu wa Butiama, salamu.

Kosa la wengi wetu ni kupima betri wakati imepumzika. Leo hapa Bunda, kwenye mafunzo ya umeme kwa sisi wauguzi, betri ya sola ilisoma volti kumi na mbili; tulipowasha taa ikashuka hadi tisa. Mwalimu, binti wa rika lako, akacheka: "Mzee, hata mimi nikikaa naonekana mzima. Nitwishe gunia la pamba uone!"

Betri ya chumba chenu cha kujifungulia niliipima taa ikiwa imezimwa, nikakuambia ni nzima. Nahofia mama mjamzito atajifungulia gizani.

Mimi baba yako nakuombea zamu njema. Leo jua likishatua, washa taa, kisha pima betri taa ikiwaka.