Faili za Mto

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na goti la wifi limemwachia. Wanangu huko unibusie mashavu yote. Mimi mwili mzima, ila nimechoshwa mpaka basi, na kilichonichosha ni faili.

Usicheke. Unajua ofisini kwetu tunapima mto. Programu ya kutabiri mafuriko imeandikwa kwa Fortran, lugha ya kompyuta iliyoanza kabla hatujazaliwa. Kwa hesabu, hiyo haina mpinzani. Kwa maandishi, ni kiziwi! Inataka tarakimu zikae kwenye safu, kila moja mahali pake, kama askari wa gwaride. Sasa zimeletwa mashine mpya za kupimia, nazo hutuma faili za kisasa: mabano ndani ya mabano, kila kipimo na jina lake, leo jina hili mbele, kesho lile. Nikamwomba mkuu wetu muda wa kuandika kisomaji, yaani kiprogramu cha kuzisoma faili hizo na kuzipanga kwenye safu. Akasema faili ni faili, nisimletee longolongo, anakitaka keshokutwa.

Basi nikawa nachambua herufi moja moja. Nikiziba hapa, pale panavuja. Nilikuwa naigombeza skrini kwa sauti, wenzangu wakahamisha viti.

Jumanne mvua ikanyesha kutwa. Programu ikasema mto umeshuka. Nachungulia dirishani, mto unapanda! Kufungua faili, nikaona mashine iliyoko juu mtoni imezibwa na takataka, ikawa inatuma neno la kueleza kwamba kipimo hakuna. Kisomaji changu cha harakaharaka kikaligeuza neno hilo kuwa sifuri. Nikamfuata mkuu mkutanoni, nikamsihi king'ora cha mafuriko kilizwe, mtaa wa chini uhame. Akanijibu mbele za watu, "Wewe unaogopa mvua? Tusubiri faili inayofuata."

Kaka, sikusubiri. Nilimwendea mlinzi wa king'ora nikamwambia mkuu ameagiza king'ora. Nilidanganya kwa jicho kavu. Watu wakatoka na magodoro kichwani, wengine wakinitukana. Jioni maji yaliingia nyumbani mwao kwa madirisha, na ndani hamkuwa na mtu.

Sasa lililonifanya nikuandikie: nimesimamishwa kazi kwa uongo huo. Nilitaka ulisikie kwangu kwanza.

Na juu ya hayo, leo mkuu amenipigia simu. Kisomaji kimegoma tena, hakuna anayekielewa, eti nimsaidie. Nilitaka kumkatia. Lakini mvua ilikuwa inanyesha. Nikamwelekeza mstari kwa mstari, namna ya kulitenga lile neno lisiwe sifuri, mpaka sauti ikanikauka. Programu ilipokubali, alikata simu bila hata asante.

Mama mwambie wewe, taratibu, akishakula. Wifi mfiche kwanza. Akijua yeye, umejua mtaa mzima. Nawapenda nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba