Mtamba Aliyepona

Matemwe, Unguja

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nnakuamkia nikiwa mzima wa mwili, roho ndiyo inayotangatanga. Vipi mguu, umepunguza kukuuma? Na kikohozi cha baba? Huku masika yamenilevya. Majani yamefika magotini, na kila nikiyatazama naona kupe kwenye ncha zake, wamenyoosha vijiguu, wanangoja ng'ombe apite. Usinicheke. Ndiyo kazi niliyoletewa huku: kujua ndigana, ile homa ya kupe inayoua ng'ombe, iko wapi leo na kesho itakwenda wapi.

Mwanzo nilikuwa nafuata mizoga, kila siku nafika maradhi yameshaondoka. Sasa naulizia harusi. Nani anaoa, ng'ombe wa karamu anatoka wapi, atapita njia gani. Maana kupe hana mbio, mama, hubebwa. Wanawake wa hapa wananitania, "Wewe bwana mifugo au mshenga?" Lakini nikisikia harusi iko Kinyasini, nshajua ndiko tutakakokwenda kuwaogesha ng'ombe dawa. Mara nyingine natembea mchana kweupe huku naiota Unguja nzima imelala inapumua, na homa inapita polepole kutoka zizi hadi zizi. Nikizindukana, nshaipita nyumba niliyokuwa naiendea.

Sasa habari yenyewe. Unajua posa yangu kwa Mwanahawa ilikubaliwa. Juzi alasiri babake, Mzee Makame, aliniita uani akanionyesha mtamba mwekundu, kanenepa, anang'ara.

"Huyu apakiwe melini aende Pemba kwa mama yako. Ndigana iliwaua wenzake wote, yeye akapona. Sina ng'ombe bora kuliko huyu."

Wallahi nilitaka kulia. Alikuwa ananipa anachokipenda. Nami najua ng'ombe aliyepona hubaki na maradhi damuni; kupe akishamnyonya huyo, akaja akamuuma wako, basi tena. Na huko kwetu ndigana haijafika. Pale pale niliwaona, kama ndotoni, ndama wako na wa majirani wamelala chini, matezi yamewavimba, povu puani.

Nikasema, "Baba, huyu simpeleki." Nikamweleza yote.

Mzee akakunja uso. "Zawadi yangu ina maradhi? Haya, Mwanahawa naye aliugua surua utotoni akapona. Naye muache basi!"

 Nampenda binti huyu, sikufichi. Na nilijua nikinyamaza tu, mtamba atasafiri na harusi itakuwa. Nikarudia, "Simpeleki, baba. Hata ukininyima mke."

  Mara nyuma ya pazia la mlango nikasikia kicheko, na Mwanahawa akasema, "Baba, mtamba abaki. Mimi sina kupe!"

Mzee alijikaza, alijikaza, mwisho akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Harusi iko pale pale, alhamdulillahi.

Nisalimie baba, na dada yangu na wanawe, na mjomba fundi cherehani, mwambie kanzu yangu asiibane kifuani. Mkweo anakuamkia, ana haya ya kukuandikia mwenyewe.

Usisikitike kumkosa mtamba. Ng'ombe wako wataamka kesho, watakula majani yao, hawatajua kama kuna kitu kilitaka kuwafika. Uzima wao huo ndio niliokuletea, mama.

Mwanao akupendaye,
Juma