Njia ya Wabeba Pamba

Busia, 14 Januari 2024

Mwanangu Phanuel,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi niko, magoti tu ndiyo yananisumbua asubuhi. Natumaini kifua chako hakijarudi kukubana na hiyo baridi ya huko. Barua hii naandika kwa mkono wangu, halafu Selpher wa saiba, lile duka la intaneti, ataipiga picha akutumie. Usinipigie simu juu ya jambo hili. Nikisikia sauti yako nitalia, na sitasema vizuri.

Ukuta umekwisha kujengwa. Wakati unaondoka, upande wa Rasto kulikuwa na mahindi, na pembeni mwake ile njia yetu ya kwenda barabarani. Rasto ameuza. Majirani wengine pia wameuza, wote kwa mtu mmoja anaitwa Oriokot, mwenye yadi ya malori. Amejenga ukuta pande tatu, juu akapanda vipande vya chupa. Upande wa nne ni mfereji wa mpaka, na ng'ambo ya mfereji ni Uganda. Katikati niko mimi na kaburi la baba yako.

Nikitaka kutoka napita ndani ya yadi. Askari wa lango ananiandika kwa daftari: jina, saa, nakwenda wapi. Wanafungua saa mbili asubuhi, wanafunga saa kumi na moja. Jumapili hawafungui kabisa. Kanisani sijafika tangu Novemba. Jumapili iliyopita kiberiti kiliisha, nikavuka mfereji, nikanunua upande wa Uganda, nchi niliyozaliwa. Wakati wa kurudi askari wa mpaka akanisimamisha. "Mama, unapita njia ya panya?" Nikamwambia mimi si panya, nakwenda nyumbani, nyumba ndiyo ile unaiona. Akasema nizunguke geti kubwa kama watu wengine. Nikazunguka, wakatazama kitambulisho, wakaniruhusu. Nikafika kwa lango la Oriokot, limefungwa. Nililala kwa Selpher, na bati la nyumba yangu naliona.

Ndugu zangu wa Mulanda, huko Uganda, wanasema nirudi kwao, watanipa mahali nyuma ya mihogo. Sitaki. Baba yako, Mzee Maloba, nimwachie nani?

Nakuuliza wewe mwenye kazi ya ramani. Hakuna karatasi ya zamani inayoonyesha njia yetu? Ramani ya ofisi ya hapa haina njia. Wanasema tulikuwa tunakatiza tu mashamba ya watu.

Mama yako,
Scovia


Hull, Uingereza, 4 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kifua kimetulia. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila mara nakwama pale uliposimama nje ya lango.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, acha nikueleze. Chini ya maktaba kuna chumba kisicho na dirisha. Huko ndiko zinakowekwa ramani za zamani za miji na bandari: Mombasa, Kisumu, Jinja, na nyingine za nchi ambazo sitazifikia. Nyingi zilibandikwa juu ya kitambaa cha kitani, zimekauka, zinapasuka kwenye mikunjo. Tunazilainisha kwa unyevu kidogo kidogo, tunazilaza mezani, tunazikandamiza pembeni kwa vifuko vizito, kisha kamera inashuka na kuzipiga picha kipande kwa kipande. Kompyuta inaviunga. Mwisho tunaiweka ramani kwenye mtandao ili mtu yeyote aione bila kuigusa, na karatasi yenyewe inarudi kabatini, gizani.

Wiki ijayo tunafungua sanduku la Bandari ya Kisumu. Waingereza waliopima bandari walipima pia njia zilizoileta pamba ziwani, kutoka Tororo na kutoka kwetu Busia. Nitatafuta.

Kuna jambo jingine. Ombi langu la kibali cha kuishi hapa liko ofisini tangu Julai, na pasipoti yangu wanayo wao. Nikitoka nje ya nchi kabla hawajajibu, ombi linakufa, na kazi inakwenda nalo. Ndiyo maana sikuja kumzika baba. Siku ile nilikuambia nauli ilikuwa shida. Haikuwa nauli. Niliona aibu kusema kwamba nimefungiwa na karatasi.

Mwanao,
Phanuel


Busia, 27 Februari 2024

Mwanangu Phanuel,

Nakusalimu. Leo naweza kukaa, kwa hiyo naandika.

Malaria ilinishika Jumamosi jioni, lango limeshafungwa. Jumapili yote nilikuwa ndani peke yangu, natetemeka, maji ya kunywa yakaisha. Selpher aliona moshi hautoki jikoni kwangu. Akazunguka mpaka ukuta wa nyuma, akanirushia kamba, akaniteremshia dawa na uji kwa ndoo. Chupa za ukutani zilikata kamba mara ya kwanza, uji ukamwagika. Akaenda akapika mwingine. Askari wa yadi alikuwa ndani anamsikia. Alisema hana ruhusa ya kufungua, na mimi namwamini, kwa sababu sauti yake ilikuwa karibu kulia.

Jumatatu Selpher alinipeleka hospitali, na tukitoka huko akanipeleka kwa wakili msichana anaitwa Sylvia, anasaidia wajane bila malipo. Nimeshtaki. Sylvia anasema neno langu na neno la Rasto halitatosha, kwa sababu Rasto ameshauza. Anataka karatasi.

Hayo ya kibali nimeyasikia. Nitajibu siku nyingine.

Mama yako,
Scovia


Hull, 11 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi umepona. Mwambie Selpher sitamsahau.

Nimeipata. Ni ya mwaka 1931. Katikati imechorwa gati la Kisumu na vina vya maji, na juu, kwenye kona, wamechora kwa ukubwa eneo la Busia kwenye mpaka. Kuna mstari wa nukta unatoka barabarani unakuja moja kwa moja kwetu, na kando yake wameandika kwa Kiingereza: njia ya wabeba pamba, wazi kwa watu wote. Ikabidi niondoe mikono mezani nisije nikairarua.

Nimekutumia kipande kinachohusu njia, kutoka barabarani mpaka pale ukuta ulipo sasa. Mpe Sylvia.

Mwanao,
Phanuel


Busia, 23 Aprili 2024

Mwanangu Phanuel,

Salamu. Mimi ni mzima kwa mwili.

Jana tulikuwa mahakamani. Nilivaa gomesi yangu ya kijani, lile gauni refu la kwetu Uganda. Sylvia akatoa kipande chako. Hakimu akakigeuza, akakiinua, akauliza, "Hiki kimekatwa kutoka wapi? Jina la ramani liko wapi? Mwaka? Kipimo? Kaskazini ni upande gani?" Sylvia akatazama, mimi nikatazama. Hakuna. Wakili wa Oriokot akasema hiyo inaweza kuwa njia ya mahali popote duniani. Watu wakacheka. Oriokot mwenyewe hakucheka, aliniangalia tu, na hilo lilinichoma zaidi.

Hakimu ametupatia muda mpaka mwezi wa saba. Anataka ramani nzima, na barua ya maktaba yenye muhuri.

Nje, Sylvia aliniuliza, "Mama, kwa nini mwanao alikata pembeni, na yeye ndiye fundi wa ramani?" Nikamwambia pengine ni haraka. Tuma yote.

Mama yako,
Scovia


Hull, 19 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Najua umesubiri karibu miezi miwili. Najua Selpher ameona kwamba nilisoma ujumbe wake wote nisijibu. Sikuwa mgonjwa.

Haikuwa haraka. Niliikata kwa makusudi.

Ule mstari haupiti pembeni mwa shamba la Rasto, mahali tulipozoea kupita. Nimelaza picha ya sasa ya satelaiti juu ya ramani, nikazilinganisha kwa barabara na kwa mfereji, mara tano. Njia inakuja moja kwa moja, inaingia mlango wa mbele wa nyumba yetu, inapita sebuleni na chumbani kwako, inatokea jikoni. Kaburi la baba linaachwa kando, hatua nne hivi. Nyumba imekaa juu ya njia ya watu wote, mama. Ramani inayobomoa ukuta wa Oriokot inabomoa na nyumba.

Nilipoona hivyo nilikata kipande, nikaacha nyumba nje. Kisha nikafanya baya zaidi. Ramani ile ilitakiwa kuwekwa kwenye mtandao mwezi Machi. Niliandika kwamba picha ina kasoro, nikaisogeza nyuma ya foleni. Miaka minne nimefanya kazi hii ili karatasi za watu zisipotee, nami nimeificha moja.

Kila siku nashuka kwenye chumba kile nikifikiri nitapata namna ya tatu. Sijaipata. Nikituma yote, unakosa pa kulala. Nisipotuma, unabaki kwenye shimo hilo. Sema wewe.

Mwanao,
Phanuel


Busia, 28 Juni 2024

Phanuel,

Tuma yote.

Nilikasirika siku tatu, ndiyo maana nimechelewa. Sikukasirika kwa nyumba. Nilikasirika kwa sababu ulikaa huko peke yako ukaamua kitu ambacho naweza kubeba na kitu ambacho siwezi.

Sasa nikuambie, kwa sababu ulikuwa hujazaliwa. Mwaka 1986 baba yako alipochimba msingi, ardhi ilikuwa ngumu kama saruji, jembe linaruka. Watu walikuwa wanapita hapo, wanawake na vikapu, wengine wanatoka mbali, Mulanda kwetu. Mzee mmoja jina lake Osire alisimama akamwuliza, "Maloba, sisi tupite wapi?" Baba yako akamwonyesha pembeni, kwa mpaka wa Rasto. Wakapita pembeni. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nimebeba maji ya kuchanganya udongo, na sikusema neno. Niliona ni sawa, maana nilitaka nyumba.

Kwa hiyo usinifiche kwa kukata karatasi. Hayo mimi nayajua, na Oriokot si wa kwanza kuziba hapa.

Mama yako


Hull, 3 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Nimemweleza mkuu wangu kila kitu. Aliniandikia onyo, kisha akakaa nami tukaiweka ramani kwenye mtandao, nzima, na pindo zake zote. Barua yenye muhuri imetumwa kwa Sylvia leo.

Jaribu kula.

Mwanao,
Phanuel


Busia, 30 Septemba 2024

Mwanangu Phanuel,

Salamu kutoka Busia. Magoti yanauma, lakini natembea, na nitakuambia natembea wapi.

Wakili wa Oriokot alipoona ramani nzima alifurahi. Alisimama akasema, "Mheshimiwa, huyu mama ndiye wa kwanza kuziba njia." Hakimu akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema ni kweli. Tulijenga juu ya njia, mimi na marehemu, na tulijua. Nikasema ifunguliwe ilivyokuwa, kwangu na kwake. Sylvia alikuwa ameshika mkono wangu, ukaanza kutoa jasho, sijui lilikuwa lake au langu.

Hakimu alisoma hukumu mwezi wa nane. Njia ifunguliwe mahali ilipochorwa. Ukuta utobolewe sehemu mbili, upana wa mkokoteni. Sehemu ya nyumba iliyo juu ya njia iondolewe.

Mpima ardhi alikuja na vigingi vyake. Kigingi kimoja alikipiga katikati ya chumba changu, mahali pa kitanda. Vijana wa Selpher waliteremsha bati kwa utaratibu, hata moja halikupinda. Ukuta wa sebule uliangushwa asubuhi, wa jikoni mchana. Nilikaa kando ya kaburi, sikulia, halafu nikaona rangi ya bluu ya chumba chako, nikalia. Kimebaki chumba cha stoo. Ndimo nilimo. Kinatosha kitanda na jiko, mvua haingii.

Siku ya tatu walitoboa ukuta wa Oriokot. Walitumia nyundo kutwa nzima. Mtu wa kwanza kupita alikuwa mwanamke simjui, na mtungi wa mafuta kichwani, hakuuliza lolote, alisema tu "habari ya hapa" akapita. Wengine sasa wanapita kila siku. Wengine wanatupa maganda ya miwa karibu na baba yako, nami nawagombeza. Jumapili ile nilikwenda kanisani. Hakuna aliyeniandika kwa daftari.

Nilisema nitajibu siku nyingine habari za kibali. Nilikaa ndani ya ukuta miezi kumi na moja. Nilikuwa nasema nalinda nyumba, nalinda kaburi. Kumbe nilikuwa nalinda siku moja ya mwaka 1986. Wewe unalinda nini huko chini, sijui. Kama ni kazi unayoipenda, kaa, na uniambie hivyo, nitaelewa. Kama unakaa kwa ajili yangu, mimi nimeshatoka. Hukuja kumzika baba yako, na nilikukasirikia kuliko nilivyokuonyesha. Hasira imekwisha. Nimechoka tu kukungoja.

Mama yako,
Scovia


Hull, 21 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima kwenye chumba chako cha stoo.

Ijumaa nilikwenda ofisi ya vibali nikaomba pasipoti yangu. Afisa alifungua jalada, akaniambia ombi lilikuwa bado halijaguswa. Miezi kumi na mitano, halijaguswa. Akaniuliza kama naelewa kwamba nikiichukua, mlango huu unafungwa. Nikasema naelewa. Akaniuliza tena, polepole, labda Kiingereza changu hakikumridhisha. Nikasema, naelewa, nakwenda kwa mama.

Kazi nimeiaga. Mkuu wangu alinishika mkono, akaniambia sanduku la Jinja atalimalizia mwenyewe. Sijui nitafanya nini Busia. Kwenye basi la kurudi nilipokuwa nikipanga nilianza kuogopa, na ninaogopa mpaka sasa ninapoandika. Nilikuwa nimezoea kusubiri, mama. Ukisubiri huulizwi lolote.

Nafika Alhamisi ya tarehe saba Novemba, mchana. Usije lango la yadi kunipokea. Nitashuka barabarani, nitaingia kwa miguu, kwa ile njia.

Mwanao,
Phanuel